Dabo Besi: Ninunue Kwanza au Nijifunze Kwanza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina umri wa miaka 24, na kwa miaka sita sasa ninapiga gitaa la besi katika kikundi kimoja cha taarabu hapa Tanga. Mwaka jana nilikwenda harusini Unguja, nikakaa usiku kucha karibu na mzee aliyekuwa akipiga dabo besi, ile ala ya sauti nzito iliyo kama fidla kubwa inayosimamishwa wima, na tangu siku hiyo sauti ya gitaa langu naiona nyembamba. Nimejiwekea akiba. Mtu mmoja amenitumia picha za dabo besi mpya inayong'aa, akanitaka nilipe nusu ya bei ili aniagizie. Ami yangu anasema nisitoe hata senti kabla sijajua kuipiga. Je, ujuzi wa gitaa utanisaidia? Na nani mwenye haki, mimi au ami? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ami yako ana haki, nami nitaongeza sababu ambayo huenda hakuitaja. Picha haiwezi kukuonesha hata jambo moja kati ya yale yanayoifanya dabo besi ipigike. Ala hii mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa bado haijawekwa sawa: daraja, yaani kijibao kinachoinua nyuzi, huwa nene na refu kupita kiasi, miguu yake haijachongwa ikakaa barabara juu ya tumbo la ala, yaani ubao wake wa mbele, na nyuzi ziko mbali mno na ubao wa vidole. Ndani yake kuna kijiti kinachosimama baina ya tumbo na mgongo bila gundi yoyote, kikishikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake, nacho huweza kuanguka safarini. Waitaliano na Wafaransa hukiita kijiti hicho "roho", na aliyewahi kuisikia besi moja kabla na baada ya fundi kukisogeza kwa milimita chache hashangazwi na jina hilo. Anayejifunza kwenye ala isiyorekebishwa hudhani kwamba maumivu ya vidole ni sehemu ya mafunzo, kumbe anapigana na daraja. Nimewaona vijana wenye masikio mazuri wakiiacha besi ndani ya mwaka mmoja kwa sababu hiyo tu, na kila nikiwakumbuka naumia.

Kwa hiyo, mtafute kwanza mtu wa kukufundisha, kisha fundi wa kukurekebishia, na ala uitafute mwisho. Wewe uko karibu na bahari, na ng'ambo yake kuna hazina ambayo wapigaji wengi wa bara hawana. Vikundi vikongwe vya Unguja, kama Akhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vimeitumia dabo besi kwa miongo mingi, tangu zama ambazo taarabu ya Unguja ilijengwa kwa kufuata orkesta kubwa za Cairo zenye fidla nyingi, ganuni, nai na chelo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi nacho kimekuwa kikifundisha ala za taarabu Mji Mkongwe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nenda kwa adabu, omba ruhusa ya kukaa kwenye mazoezi, beba vyombo vya wakubwa, na utakapoachiwa besi kwa nusu saa utajifunza mengi kuliko katika mwezi mzima wa kutazama video peke yako.

Kuhusu ujuzi wako wa gitaa, kichwa chako kimekwisha kuvuka nusu ya njia. Nyuzi ni zilezile nne, mi, la, re na sol kutoka chini kwenda juu, zikipishana kwa nne kamili, yaani semitoni tano, na semitoni ni hatua ndogo kabisa ya sauti kwenye gitaa. Na kama ilivyo kwa gitaa la besi, nota huandikwa oktavu moja juu ya sauti inayosikika. Mkono ndio utakaoanza upya. Uzi wa gitaa lako una urefu wa karibu sentimita 86 kutoka kichwani hadi darajani, ilhali wa dabo besi ya kawaida hukaribia sentimita 105. Maana yake ni kwamba, kwenye sehemu ya shingo inayotoa sauti za chini kabisa, toni moja (semitoni mbili) inayochukua karibu sentimita 9 za gitaa itakudai karibu sentimita 11 za besi. Ndiyo maana ule mtindo wa gitaa wa kukipa kila kidole semitoni yake hauwafai wengi huko chini. Mtindo uliozoeleka zaidi, uliopangwa vitabuni na Franz Simandl, mwalimu wa Vienna katika karne ya 19, hutumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, huku cha tatu kikikisaidia cha nne kubana. Mkono hubaki wazi kama ulioshika gilasi, na badala ya kuvinyoosha vidole kwa nguvu, unauhamisha mkono mzima. Usibane kwa dole gumba. Acha uzito wa mkono ushuke nyuma kuelekea kwako, kwa maana anayebana kwa gumba huchoka kabla wimbo wa pili haujaisha.

Jambo la pili ni kwamba hapana vibanzi vya chuma kwenye shingo vya kukuonesha pa kukanyaga. Hili huwaogopesha wapiga gitaa, lakini kwa mpigaji wa taarabu naliona ni neema. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati yana sauti zilizo baina ya semitoni, ambazo gitaa lenye vibanzi haliwezi kuzitoa na dabo besi inazitoa bila shida, ilimradi sikio lizijue. Ukiwa Unguja, basi, usiwasahau wapigaji wa kidumbak, ile ndugu ya taarabu inayopigwa na kikundi kidogo chenye ngoma. Msikilize yule anayepiga sanduku, lile besi la kasha, mti na uzi mmoja, ambaye huipata kila sauti kwa kukaza na kulegeza uzi bila alama yoyote ya kumwongoza. Sikio lake ndilo unalolihitaji, na nakusihi ukae naye hata siku tatu.

Jifunze pia upinde, ijapokuwa katika taarabu utadonoa kwa vidole muda mwingi. Sauti inayodonolewa hufifia upesi na kosa hufifia nayo. Sauti ndefu ya upinde hukuweka wazi mbele ya sikio lako mwenyewe. Pinde ziko za namna mbili, ya Kifaransa inayoshikwa kwa juu kama ya fidla, na ya Kijerumani inayoshikwa kiganja kikiwa chini ya kijiti. Shika ile anayoitumia mwalimu wako. Ulimbo wa kupaka singa za upinde wa besi ni laini kuliko wa fidla, na katika joto letu huyeyuka na kutambaa, kwa hiyo uweke wima ndani ya kikombe chake, mbali na jua. Na usiitegemee sana simu katika kulinganisha nyuzi. Uzi wa mi hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, na simu nyingi husita zinapopokea sauti ya chini kiasi hicho. Gusa kidogo, bila kubonyeza, robo ya urefu wa uzi wa chini na theluthi ya uzi unaoufuata juu yake: nyuzi zikiwa sawa, sauti hizo mbili zitakuwa moja.

Siku ya kununua itakapofika, tafuta ukubwa unaoitwa robo tatu, ambao ndio wanaoutumia watu wazima wengi duniani, na kwa mwambao wetu chagua ya plaiwudi. Wapo watakaokwambia kwamba mbao nzima iliyochongwa ina sauti bora, na ni kweli. Lakini mbao hiyo hupasuka unyevu unapobadilika, na plaiwudi huvumilia masika, kaskazi na safari za boti. Bei yake ikiwa mpya mara nyingi huzidi dola 1,000 za Marekani kabla ya usafirishaji, na seti moja ya nyuzi nzuri za chuma huweza kuzidi dola 150. Gawa akiba yako sasa: sehemu ya ala, sehemu ya fundi, sehemu ya mfuko wenye pamba nene. Besi ya kawaida iliyotengenezwa vizuri na fundi nitaichukua mbele ya ile inayong'aa katika picha ya mtu nisiyemjua.

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu ana miaka 11 na shuleni kwao amepangiwa dabo besi. Anaipenda, lakini ni mfupi, na jioni hulalamika bega. Shangazi zake wanasema hiyo ni ala ya wanaume. Nimwache aendelee? (Mama, Mombasa)

JIBU: Mwache aendelee, mama, ila usimwache aendelee na ala hiyo ikiwa ni ya mtu mzima. Dabo besi hutengenezwa pia kwa ukubwa wa nusu, wa robo na hata chini ya hapo, na mwalimu wa shule anapaswa kuombwa mojawapo. Msimamishe binti na ala yake, uvute mguu wa chuma ulio chini hadi kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya shingo kilingane na nyusi zake. Akilazimika kuinama au kuinua bega la kushoto, basi urefu si wake au mguu haujawekwa sawa, na maumivu ya jioni yanatokana na hapo. Afanye mazoezi ya dakika 15 mara mbili kwa siku badala ya saa nzima mfululizo. Ngozi ya vidole huuma wiki za mwanzo kisha ikakomaa. Lakini bega au kifundo cha mkono kikiuma, apumzike na mwalimu aangalie anavyosimama.

Kuhusu shangazi zake, wape heshima yao, kisha uwaeleze kwamba Unguja kuna Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake wanaopiga ala wenyewe, na kwamba Esperanza Spalding wa Marekani, mwanamke anayeimba huku akipiga dabo besi, alitunukiwa tuzo ya muziki ya Grammy ya msanii bora mpya mwaka 2011. Besi haihitaji misuli mikubwa. Inahitaji uzito wa mkono ulioelekezwa vizuri, na hilo watoto wa kike hulipata mapema kama wa kiume.

SWALI: Ndugu Mwalimu, klabu yetu ina dabo besi ya zamani ambayo ubavu wake umeachana na mgongo kwa kiasi cha shibiri moja, na sasa inatoa mlio kama wa nyuki. Seremala yuko tayari kuigandisha kwa gundi yake. Tumruhusu? (Katibu wa klabu, Pemba)

JIBU: Hapana, Ndugu Katibu, nakuomba sana. Ala hizi huunganishwa kwa gundi inayotokana na ngozi za wanyama, inayoyeyushwa kwa maji ya moto, na udhaifu wake ni wa makusudi: mbao inapovuta, maungio huachia kabla mbao haijapasuka. Kilichotokea kwenu ni ala kujiokoa. Gundi nyeupe ya seremala haitaachia tena, na mbao itakapovuta safari nyingine, ufa utapita tumboni. Tena fundi atakayekuja baadaye hataweza kuiondoa bila kukwangua mbao yenyewe.

Legezeni nyuzi kidogo, ilazeni ala kwa ubavu mahali penye kivuli, kisha gongeni taratibu kwa kifundo cha kidole ukingo wote wa mbele na wa nyuma, maana paliposikika mtetemo mkavu pameachia pia, na fundi atafurahi kuyakuta maeneo yote yamewekewa alama ya chaki. Mkibadilisha nyuzi wakati huo, badilisheni mmoja mmoja. Mkiziondoa zote kwa pamoja, daraja litalala na roho itaanguka, na kuisimamisha tena kupitia tundu la tumbo kunahitaji kifaa maalumu na mkono uliozoea.