Jibu: PadFone ya mtumba kwa kazi za ofisi

Mkuu, umeuliza kama ununue ile Asus PadFone ya mwaka 2012, simu inayouzwa na tableti ya kuichomeka na kibodi yake, uliyoiona Mwanjelwa, uandikie ripoti za ushirika ukiwa Tukuyu. Nakuomba uiache. Ile tableti ni kioo na betri tu, akili yote imo kwenye simu unayoichomeka mgongoni. Simu ikifa, tableti na kibodi havina kazi tena. Tena Android yake ni ya zamani mno, programu nyingi za sasa zitaigomea.

Tafuta tableti inayopokea laini, uiongezee kibodi ya Bluetooth. Kabla hujalipa, andika ukurasa mzima palepale dukani, maana vitufe vikibanana utachoka mapema. Kama tayari una simu ya Samsung yenye DeX, yaani uwezo wa simu kutumika kama kompyuta ikiunganishwa na skrini, ulioanza na Galaxy S8 mwaka 2017, unganisha na skrini ya ofisini, uanze kazi.