Kabla ya kugeuza maandishi kuwa tarehe katika hifadhidata

Niliwahi kupokea faili la miamala ya Januari hadi Juni 2021 ambamo tarehe zilihifadhiwa kama maandishi, nami nikajiona hodari kwa kuandika amri iliyoanza kwa kusoma mwezi kabla ya siku na, iliposhindwa, ikasoma siku kabla ya mwezi. Hakuna mstari hata mmoja uliokataliwa. Ripoti ilipotoka ikaonyesha miamala ya Julai hadi Desemba, miezi ambayo ilikuwa haijafika, na yote iliangukia kati ya siku ya 1 na ya 6 ya mwezi. Ndipo nilipotambua kwamba 07/03/2021, yaani Machi 7, ilikuwa imegeuka Julai 3. Laiti faili lingekuwa la mwaka mzima, ningekosa hata dalili hiyo, kwa kuwa kila mwaka una tarehe 132 zinazosomeka kwa njia mbili, nazo zikibadilishana nafasi hakuna mwezi unaoonekana wa ajabu.

Tangu hapo fomati, yaani utaratibu wa siku, mwezi na mwaka, naiamua kwa kila chanzo cha data, baada ya kumuuliza aliyeitoa, wala si kwa mstari mmoja mmoja. Maandishi nayaingiza kwanza katika jedwali la mpito, na safu hiyo ya asili siifuti hata baada ya kuigeuza. Katika PostgreSQL, mfumo mmoja wa hifadhidata, natumia to_date, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, pamoja na 'DD/MM/YYYY' (siku, mwezi, mwaka), nisiachie DateStyle, mpangilio wa mfumo wa jinsi ya kusoma tarehe, uamue, kisha narudisha matokeo kuwa maandishi kwa to_char na kuyalinganisha na yale ya awali. Ulinganisho huo niliuona kazi ya bure mpaka nilipokutana na toleo la PostgreSQL la kabla ya 10, lililopokea 31/02/2015 bila kunung'unika na kutoa Machi 3. (Ulinganisho huo utakataa pia 7/3/2021 kwa kukosa sifuri, kwangu hilo ni afadhali.)

Katika MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, STR_TO_DATE, inayofanya kazi hiyohiyo, ikishindwa kusoma huweza kurudisha NULL (thamani tupu) na onyo tu, kwa hiyo nahesabu NULL kabla na baada ya kugeuza.

Mwaka wa tarakimu mbili nao una mtego wake: mifumo yote miwili husoma 70 kuwa 1970 lakini 69 kuwa 2069, hivyo aliyezaliwa 1965 huweza kuandikwa 2065. Kwa safu ya aina hiyo naweka sharti la CHECK kwamba tarehe ya kuzaliwa isizidi tarehe ya usajili iliyo katika mstari uleule.