Mwanangu Apimwe Upya: Nianzie Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa, nasi tunaishi Makorora, Tanga. Alipoanza darasa la kwanza alipimwa, ikaandikwa kwamba ana ulemavu wa akili, na tangu hapo anasoma katika kitengo cha elimu maalumu. Sikatai kwamba alichelewa kusema. Lakini jioni hukaa dukani na baba yake, na hurudisha chenji ya noti ya elfu kumi bila kukosea. Ukimwita ukiwa nyuma yake haitiki, ila ukisimama mbele yake anajibu vizuri. Katika imla huandika “imba” badala ya “simba” na “amaki” badala ya “samaki”, ilhali akinakili ubaoni hakosei. Nilipoomba apimwe tena niliambiwa kwamba taarifa yake ilikwisha kupitishwa na haibadiliki. Je, ni kweli?
Mama wa Makorora

JIBU: Marahaba, mama. Si kweli. Taarifa ya upimaji hueleza hali ya mtoto siku aliyopimwa, kwa vifaa vilivyokuwapo siku hiyo, na mtoto wa darasa la kwanza hubadilika mno kabla hajafika la tatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake na ya kupewa msaada unaolingana na ulemavu wake. Sasa msaada huo utalinganaje na ulemavu ambao haujulikani sawasawa?

Lililonishtua zaidi katika barua yako ni hiyo imla. Sauti ya “s” ni nyembamba na hafifu, na ni miongoni mwa sauti za kwanza kumpotea mtu ambaye usikivu wake umepungua katika sauti za juu. Mtoto anayeidondosha anapoandika kwa kusikia, lakini akaiandika sawasawa anapoisoma ubaoni, anatulazimu kuyatazama masikio yake kabla ya kuzungumzia akili yake. Sisemi kwamba hasikii vizuri, kwa kuwa hilo litasemwa na kipimo. Ninachosema ni kwamba kumpima mtoto akili bila kwanza kumpima masikio na macho ni kazi iliyoachwa nusu, na kwa bahati mbaya kazi za namna hiyo ni nyingi.

Kwa hiyo anzia hospitali, wala si ofisi ya elimu. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, umweleze daktari hayo uliyonieleza mimi, pamoja na historia ya masikio kutoka usaha au kuuma kama ipo, kwani hata maji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu, na hayo hutibika. Ikiwa kipimo kinachohitajika hakipatikani hapo, omba rufaa ya kwenda kunakopatikana, na usiondoke bila majibu ya maandishi.

Ukishakuwa na karatasi hiyo, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji, kupitia kwa Mwalimu Mkuu, ukiomba mtoto abainishwe upya mahitaji yake, na uombe ifikishwe kwa afisa anayesimamia elimu maalumu. Barua iwe fupi. Usiandike “mwanangu ana akili sana”, maana kila mzazi huandika hivyo. Eleza habari ya chenji na ya kuitwa kwa nyuma, kisha ambatanisha majibu ya hospitali na kurasa mbili za daftari, moja ya imla na moja ya kunakili. Nakala yako igongwe muhuri wa “imepokelewa” wenye tarehe. Muda mrefu ukipita bila kujibiwa, nakala hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa Afisa Elimu wa Mkoa.

Usisubiri mwakani, kwa sababu darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, na mahitaji ya mtoto yanapaswa kujulikana shuleni mapema ili aandaliwe ipasavyo. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Huenda majibu yakathibitisha yale ya mwanzo, au yakaonyesha kwamba ana matatizo yote mawili, kwa hiyo usimwondoe kitengoni kwa hasira kabla hayajatoka. Kwa sasa zungumza na mwalimu wake kwa upole, umwombe amketishe mbele, mbali na dirisha la barabarani, na asisome imla akiwa ameelekea ubaoni. Hilo halihitaji kibali cha mtu yeyote.