Unaanza kusoma kozi za afya? Anza na paketi ya ORS

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza, iwe uuguzi, utabibu, famasia au maabara, hii ni yenu. Wanafunzi wa fildi wanakuja wodini kwetu kila mwaka na kinachoniuma ni kilekile, vijana wana akili kabisa, madesa wameyameza yote, ukimuuliza osmosisi ni nini anakutajia bila kukosea hata neno, halafu unampeleka kwa mtoto anayeharisha unamwambia hebu nieleze mwili wa huyu mtoto unafanya nini sasa hivi, kimya. Sio uvivu jamani. Ni vile masomo yanakuja vipande vipande, leo anatomia kesho fiziolojia keshokutwa baiokemia, na hakuna anayekuonyesha yanakutana wapi.

Mi nachowashauri, chukua kitu kimoja cha wodini ukifuate mpaka mwisho wake. Anza na ORS, ule unga wa kuchanganya na maji anaonyweshwa mtu anayeharisha, ipo kila duka la dawa na bei yake sio ya kukushinda. Ile ya lita moja ina gramu 20.5, yaani chumvi ya kawaida 2.6, glukosi 13.5, kloraidi ya potasiamu 1.5 na sitreti 2.9. Sasa kwa kila kimoja jiulize, hiki kimewekwa cha nini?

Glukosi ndo inawachanganya wengi, wanadhani ni ya kumpa mgonjwa nguvu. Kazi yake kubwa pale sio hiyo. Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna protini inaitwa SGLT1, hiyo haiingizi glukosi peke yake, lazima iingie na sodiamu, na vikishaingia hivyo viwili maji nayo yanafuata (hiyo ndo osmosisi uliyokariri). Mwanabaiokemia Robert Crane alieleza huu mfumo mwaka 1960. Haya, njoo kwenye kipindupindu, sumu ya yule bakteria inazilazimisha seli za utumbo zimwage kloraidi, sodiamu na maji vinafuata, ndo unaona choo kama maji ya mchele. Ila ile sumu haijaigusa SGLT1, huo mlango bado unafanya kazi, ndo maana mtu anaharisha vile na bado ukimnywesha ORS maji yanaingia mwilini. Na ndo maana soda haifai, sukari imezidi sana, inavuta maji yarudi kwenye utumbo na kuharisha kunaongezeka.

Msidhani haya ni ya mtihani tu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwa wakimbizi waliokimbilia Bangaon, India, dripu zikawa zinaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua wachanganye chumvi na glukosi kwenye maji na ndugu wa wagonjwa ndo wawe wananywesha. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Kwa maji, chumvi na sukari!

Potasiamu ni kwa sababu inapotea kwenye choo, ikipungua sana misuli inalegea na tumbo linajaa gesi. Sitreti inarekebisha asidi, maana choo kinaondoka na baikaboneti (ile inayopunguza asidi kwenye damu), asidi inazidi na mwili unajaribu kuipunguza kwa kuhema, ndo utamkuta mtoto anahema haraka na kwa kina wakati mapafu yake hayana shida yoyote.

Ukishaelewa hapo rudi kwa yule mtoto umwangalie upya. Macho yamedidimia, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu, mapigo yanakimbia, mikono na miguu ya baridi, mkojo kidogo. Kila dalili ina sababu: maji kwenye damu yamepungua, moyo unakimbia kufidia, mishipa ya mikono na miguu inabana ili damu ibaki kwa ubongo na moyo, figo zinazuia maji yasitoke. Na naomba hili mlishike sana, kwa mtoto presha inashuka mwishoni kabisa, kwahiyo usiseme yuko sawa eti kwa sababu presha iko kawaida, wewe shika mapigo, gusa miguu, muulize mama mara ya mwisho amekojoa saa ngapi.

Hapo ndo hata zile namba za dozi zinakaa kichwani zenyewe. Mtoto mwenye upungufu wa maji wa kiasi anapewa ORS mililita 75 kwa kilo ndani ya saa 4, kwahiyo wa kilo 10 ni mililita 750, kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole. Aliyezidiwa, hawezi kunywa au hana fahamu, huyo ni dripu na haraka.

Ukimaliza ORS chukua mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ufanye hivyohivyo, na swali la kuanza nalo ni hili: mtoto kamaliza dozi ya ALu (dawa ya malaria) wiki iliyopita, homa imeisha, anacheza, mbona kipimo bado kinasoma chanya? Tafuta HRP2 ni nini na inakaa kwenye damu muda gani baada ya vimelea kufa.