Kabla ya mkopo, weka akiba ya siku ya kusi

Mwezi wa sita, kusi likivuma, pwani yetu ya Bagamoyo inapoa. Ngalawa nyingi hazitoki. Mashua chache zinazothubutu zinarudi na samaki wa ndoo tatu nne, na mnadani ufukweni tumesimama mama karanga arobaini, wakaanga samaki, na karai zetu. Ukitaka kujua VVU vinaingiaje kwenye biashara hii, njoo siku kama hiyo.

Samaki wakijaa, dalali ndiye anayekubembeleza. Anashusha bei, anakupa mali kauli ukalipe jioni. Kusi likishika, mambo yanageuka. Wenye magari ya barafu kutoka Dar es Salaam wanamwaga taslimu, na mwanamke aliyekuja na elfu tano kwenye upindo wa kanga anabaki kutazama. Hapo ndipo anapoitwa pembeni. Hashikwi kwa nguvu. Anaambiwa tu ndoo yake ipo, aifuate usiku. Nyumbani watoto hawajala. Nimekaanga samaki miaka kumi na tisa, nimewaona wenzangu wakiifuata ndoo hiyo, na huko kondomu haitajwi, maana anayeomba hapangi masharti.

Mimi sikuifuata, lakini niliangukia kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali. Nilichukua laki mbili, rejesho elfu kumi kila siku kwa siku thelathini. Piga hesabu mwenyewe. Bahari ikichafuka rejesho halikusubiri, na siku ya kumi na moja mkusanyaji alikaa barazani kwangu tangu asubuhi. Aliyejitokeza kunilipia alikuwa mwanamume wa mtaani, na alichotaka alikisema wazi. Nilimkatalia kwa kuwa dada yangu alikuwa na kuku sita wa kuuza. Mpaka leo najiuliza ningemjibu nini kama wale kuku wasingekuwepo.

Ndiyo maana nikisikia mradi wa kuwakinga wanawake na VVU umeanza kwa kugawa mikopo, roho inaniuma. Mkopo ni mzigo kabla haujawa mtaji. Anayekaa mahali pa hatari anahitaji kwanza kitu cha kumvusha siku mbaya, hata kama ni elfu thelathini tu.

Kikoba chetu kina wanawake ishirini na wanne. Tunakutana kila Alhamisi baada ya alasiri, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hisa tunanunua kama vikoba vyote. Lakini kila mmoja anatoa pia elfu moja ya mfuko wa jamii, na huo ndio uliotuokoa. Zamani ulikuwa wa misiba na wagonjwa. Tukaongeza sharti moja: mwanachama aliyekosa pesa ya mnada anapewa siku hiyohiyo, bila riba, arudishe ndani ya wiki mbili, na haulizwi maswali mbele ya watu. Ilichukua miezi kadhaa mfuko kunenepa. Kusi lililofuata tulikwenda mnadani kwa pamoja, tukanunua ndoo kwa taslimu na kugawana samaki kwa idadi. Dalali akimwita mmoja pembeni, anatukuta sita.

Pesa peke yake haitoshi, nalo nimejifunza kwa uchungu. Mwenzetu mmoja alipigwa na mumewe siku aliyorudi na mgao, kisa hakumwambia kiasi. Tukaanza kuwaita waume mara moja kila miezi mitatu, na mazungumzo ya nyumbani tukayaweka kwenye ratiba, sawa na hesabu. Tusidhani ni sisi tu. Katika vijiji vya Limpopo, Afrika Kusini, wanawake walipewa mikopo midogo pamoja na mafunzo ya jinsia na VVU. Matokeo yalitolewa mwaka 2006: ukatili kutoka kwa waume na wapenzi ulipungua kwa asilimia 55. Maambukizi mapya vijijini, hata hivyo, hayakuonekana kupungua. Nayataja yote mawili kwa makusudi, kwa sababu mwanamke mwenye mtaji naye anaambukizwa. Anayekwambia biashara ni kinga tosha anakudanganya.

Kwa hiyo afya ina dakika zake kila kikao. Mhudumu wa afya wa mtaa anakuja na vipimo vya kujipima na kondomu, anaeleza kuhusu dawa kinga kwa asiye na maambukizi. Tumekariri saa 72: aliyebakwa, au aliyehofia ameambukizwa, awahi kituo cha afya kabla hazijapita. Wanachama wanaotumia dawa za kufubaza VVU wananunua hisa kama wengine, na nauli ya kliniki wanakopa kwenye mfuko uleule. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa wanawake ni asilimia 5.6, kwa wanaume asilimia 3.0. Basi tuache kuulizana nani kaleta nini.

Ukishazoea akiba, mkopo nao una nafasi yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na sehemu 4 kati ya hizo 10 ni za vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, sajilini kikundi, na ombeni kitu mnachokijua. Sisi tuliomba jokofu, kwa sababu samaki aliyelala kwenye barafu hakulazimishi kuuza kwa bei ya kutupa. Wenzetu wa Mlingotini wanalima mwani, na hesabu zao si kama zetu.

Na binti usimsahau. Mgao wa kikoba ukitoka Desemba, mimi natoa kwanza sare, madaftari na nauli ya shule ya mwanangu, ndipo nanunua mafuta ya kukaangia. Binti anayeombaomba nauli barabarani yuko mnadani tayari, ila ndoo tu hana.

Kusi halijaanza bado. Kama mko watano mnaoaminiana, elfu moja moja ya Alhamisi hii inatosha kuanzia.