Usichague rangi na tochi ya simu: maneno kwa mafundi wapya

Ijumaa nimepigiwa simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mwalimu mstaafu wa huku Mamboleo, Kisumu, sauti ya mtu hajalala. "Fundi, huyu kijana wako amenilaza kwa bucha." Nikaenda. Kumbe kijana alipiga rangi ukuta wa kichwani mwa kitanda Jumatano jioni, stima ilikuwa imepotea, akachanganya akiangalia na tochi ya simu, na kwa hiyo giza giza nyekundu ilikaa poa, imetulia kama divai. Jua lilipoingia dirishani ukuta ukawaka. Mama watoto ashahamia chumba cha wageni na godoro lake.

Sijamgombeza sana juu mimi nimefanya mbaya zaidi, lakini huyu ni wa tatu mwaka huu na nimechoka kurudia na mdomo, wacha niandike. Mkishamaliza kusoma mkaoshe brashi.

1. Nyekundu hudanganya jioni. Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, Cheki ya leo, alishaona hii maneno 1819, kwamba maua mekundu yanayong'aa mchana, alfajiri yanakuwa meusi kuliko majani yake. Mwanga ukiwa kidogo jicho linashika bluu na kijani, nyekundu linaiacha. Kwa hivyo rangi inaamuliwa mchana, alafu tena usiku na taa ya mwenye nyumba, sio taa yako.

2. Ati bluu inatuliza. Hapa wacha nikae kidogo, ndipo niliumia.

Nilikuwa na miaka minne kwa rangi, nimetoka tu kuwa mtu wa mkono, nishaanza kujiita desaina. Mama mmoja alikuwa anafungua hoteli ya samaki si mbali na ziwa, meza nane, akaniambia mwanangu, nataka mtu akiingia asikie ametulia. Mimi nilikuwa nimesoma kwa simu kwamba bluu inatuliza moyo, na ziwa si ndilo hilo hapo, nikamwambia tupige bluu kuta zote nne na silingi pia, mteja asikie yuko ufuo wa Dunga katikati ya maji. Mama akasema, "Wewe ndio fundi." Klayenti akikuambia hivyo ogopa. Nikapiga andakoti, ile rangi ya chini, nikapiga koti mbili za silki, ile ya kung'aa, kona nikakata bila maskingi tepu ya kuzuia rangi, mkono ulikuwa unanyooka siku hizo, na kumaliza kabisa nikamshauri aweke balbu nyeupe zile za mwanga wa baridi ndio pang'ae. Nikapiga picha nikaweka kwa status.

Wiki ya kwanza watu walijaa. Ya pili wakapungua. Ya tano mama akanipigia, wala hakuwa ananilaumu, aliniomba tu nipite nile. Mpishi wa kwanza alikuwa ameshafutwa, wa pili ameletwa, samaki wanatoka boti ile ile, lakini wateja wanageuza samaki na kidole kama mtu anakagua noti feki, wanauliza amelala kwa friji siku ngapi. Mama alikuwa ashaanza kumwangalia vibaya jirani wa chapati.

Nikakaa meza ya katikati, nikaagiza ngege wa wet frai na ugali na sukuma. Yawa! Hiyo ugali ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Mchuzi wa nyanya umekuwa matope. Nikaangalia mkono wangu mwenyewe, kucha ni za mtu amelazwa. Sasa nikabeba sahani nikaenda nayo mlangoni, watu wananiangalia, nikaiweka kwa jua: ugali nyeupe pe, mchuzi mwekundu, samaki anacheka. Nikarudi ndani hatua tatu, samaki akafa tena. Nikatoka tena, nikarudi tena, mpaka msichana wa kuhudumia akaniuliza kama nataka kutoroka na sahani.

Yaani ukuta haukai tu pale kama picha. Mwanga unatoka kwa balbu unapiga ukuta, ukuta wa bluu unameza nyekundu na manjano, bluu unairudisha, na hiyo bluu inamwagikia kila kitu ndani ya chumba, ugali, samaki, hadi uso wa mtu mnayekula naye. Na mimi nilikuwa nimeongeza balbu ambazo zenyewe zimejaa bluu. Mteja hajui ni rangi, anajua tu hamu imeisha, na ukimuuliza atakuambia ni chumvi.

Mngedhani nilimwambia mama ukweli papo hapo. Nilikula, nikalipa, nikaenda nyumbani nikakaa siku mbili nikitafuta vile nitasema makosa ni ya balbu. Siku ya tatu nikarudi na ndoo za kununua na pesa yangu, shilingi 14,000 za wakati huo na kodi ya nyumba sijalipa. Krimu juu, rangi ya udongo mwekundu chini mpaka kimo cha kiti, silingi nyeupe, balbu za manjano. Tulipiga usiku juu mchana anapika, na kama hujui, silki ya bluu ni shetani, usipoikwaruza na sandpepa kwanza alafu andakoti nzito, itakuchungulia chini ya krimu mwezi mzima. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na hii nayo umesoma wapi?" Mpaka leo nikifungua ndoo ya rangi nasikia hilo swali.

Watu walirudi polepole. Wengine hawakurudi, na deni la hao ni langu.

3. Pinki. Mnapenda kuambia wazazi ati pinki inatuliza mtoto mkorofi. Hiyo stori ilianzia jela ya wanamaji huko Seattle, Marekani, 1979, jamaa anaitwa Alexander Schauss akawashawishi wapige selo pinki, na wakubwa wawili wa pale, Baker na Miller, rangi ikachukua majina yao. Mchanganyiko wenyewe nyinyi mtaupenda: galoni moja ya emalshoni nyeupe, rangi ya maji, na painti moja ya nyekundu, yaani kwa hesabu yetu lita 4 kwa nusu lita. Ikasemekana wafungwa wametulia, jela zingine zikaiga. Lakini ilipokuja kupimwa kwa makini kwa jela moja Uswisi, matokeo ya 2015, wa selo za pinki hawakuonyesha upole wowote kuliko wa selo za kawaida. Mpigie mtoto pinki kama anaipenda. Usimuuzie mzazi kama dawa.

4. Rangi inakuja na stori zake, na huku kwetu ndio kabisa. Tangu kura ya maoni ya katiba ya 2005, ndizi alama ya Ndio na chungwa alama ya La, hakuna ukuta wa chungwa Kisumu unaoonekana kama tunda, watu wanaona siasa. Na mpira pia: ukipiga kinyozi kijani wewe ni wa Gor Mahia, bluu na nyeupe wewe ni Ingwe, yaani AFC Leopards, na kwa hiyo hoteli ya mama kulikuwa na omera mmoja wa jezi ya kijani alikuwa anakulia nje kwa benchi, ati hawezi kumeza samaki ndani ya kambi ya adui. Nilicheka wakati huo. Kadi ya rangi iliyochapishwa ng'ambo haiwezi kukuambia hiyo kitu, uliza klayenti anaonanga nini akiangalia hiyo rangi.

5. Angalia jirani. Chevreul, mkemia wa Gobelins, kiwanda cha kufuma mapazia ya ukutani kule Paris, alikuwa analetewa malalamiko ati nyuzi nyeusi zimepauka, akapima ile rangi ya kutia nyuzi akakuta iko sawa, shida ni rangi zilizofumwa kando yake, na 1839 akatoa kitabu kizima juu ya hiyo. Nyinyi mnaiona kila wiki, kijivu kando ya mlango mwekundu inageuka kijani kijani, mnarudi dukani mnapigana na mtu wa mashini ya kuchanganya rangi. Funika mlango na gazeti kwanza, uangalie tena.

6. Kijivu ya baridi, ile inayoelekea bluu, ni ya joto la Kisumu, sio baridi ya Nakuru. Nilimpigia jamaa sebule ya Milimani ya Nakuru hivyo, Julai akawa anakaa na sweta na kofia akiangalia habari.

7. Kile kipande kwa kadi ni kidogo, ukuta mzima huzidisha rangi, kwa hivyo paka kadibodi ya mita moja koti mbili uizungushe kila ukuta, asubuhi na usiku.

Jumatatu tunarudi kwa mwalimu, kijana analeta sandpepa, andakoti nalipa mimi. Jana usiku amenitumia WhatsApp rangi mpya aliyochagua ya huo ukuta. Ni bluu. Ati amesoma inaleta usingizi.

Nimemjibu aje na kadibodi.