Mwacheni Barnabas na koti lake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni vazi lipi la tamthilia ya zamani linalokuchekesha mpaka leo?" Mkatoa na mfano, joho la Barnabas Collins, yule mnyonya damu wa Dark Shadows, tamthilia ya runinga ya Marekani, mkasema mtu mzima hawezi kulitazama bila kucheka. Mfano huo ndio ulionifanya niache vyombo kwenye sinki. Naishi Portland, Maine, jimbo lilelile ambalo tamthilia ile inadai kutokea, na nawaambia kwamba katika nyumba nzima ya Collinwood aliyevaa kwa akili ni huyo marehemu peke yake.

Litazameni vizuri. Koti zito, kola imesimama, halafu kipande cha pili kimeongezwa juu kufunika mabega. Mkononi fimbo yenye kichwa cha mbwa mwitu. Aliyewahi kutembea huku mwezi wa Februari barabara ikiwa imeganda hataiita fimbo ile pambo. Barnabas aliingia kwenye runinga Aprili 1967, na huku Aprili theluji bado inaweza kukuamkia mlangoni. Sasa mgeukieni Victoria Winters, mwalimu wa mtoto wa nyumba ile, au Carolyn, binti wa tajiri. Usiku wa manane, radi, upepo wa bahari, imesikika sauti ya kilio kule Widows' Hill, kwenye jabali. Mtu mwenye akili zake anajifunika blanketi mpaka kichwani. Wao wanatoka kwenda kuangalia, na kigauni chepesi! Mimi kwenda kutupa takataka tu navaa makoti mawili.

Mwisho wa kipindi maandishi yanapita yakisema mavazi ni kwa hisani ya Ohrbach's, duka la nguo la New York. Hapo ndipo unapoelewa. Karibu kazi yote ilirekodiwa katika studio ya Manhattan, ambako hakuna upepo wala bahari. Na huo mji wa Collinsport, wanakodai kuishi akina Collins, usihangaike kuutafuta kwenye ramani.

Nikirudi kwenye swali lenu, mimi ningependa kwanza kujua ni nani anayecheka. Wengi ninaowasikia wakiikejeli tamthilia hii wameona vipande vya dakika mbili kwenye simu: kipaza sauti kimechungulia juu ya kichwa cha mtu, ukuta wa "mawe" umetikisika mlango ulipofungwa, nzi ametua usoni mwa Jonathan Frid, mwigizaji wa Barnabas, na mwenyewe anaendelea kusema maneno yake kama hakuna kitu. Yapo yote, sikatai. Lakini walikuwa wanatoa vipindi vitano kwa wiki, kuanzia Juni 1966 mpaka Aprili 1971, jumla 1,225. Kukata na kuunga mkanda wa video siku zile ilikuwa gharama kubwa, kwa hiyo ukijikwaa umejikwaa mbele ya taifa zima. Frid alikuwa mtu wa jukwaani, Mkanada aliyezoea kucheza Shakespeare, na kukariri kurasa mpya kila siku kulimtesa. Mkimwona amekodoa macho pembeni kama anayeona kaburi lake, jueni anasoma maneno yaliyowekwa kando ya kamera.

Hilo nilifundishwa na bibi ninayemhudumia. Wabeba maboksi wenzangu wanaijua kazi hii ya kukaa na wazee majumbani: dawa, chai, kuoga, na runinga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Bibi huyu alikuwa mmoja wa wale watoto waliokimbia kutoka shule ili wawahi kipindi alasiri. Anasema macho yale ya Barnabas yalimnyima usingizi. Leo akiyaona anamwambia, "Soma, baba, soma, usiruke mstari." Nimemfundisha neno moja tu la Kiswahili, "pole," na kila Barnabas anapomcharaza mtumishi wake, Willie Loomis, kwa ile fimbo, bibi anamwambia Willie pole.

Sasa niwaambie ya siku moja ya theluji. Zamu yangu ilikuwa imekwisha na mwenzangu wa kunipokea, mama mmoja wa Bukavu, akaingia anakung'uta viatu. Sisi tumefika pale wanapokaa mezani kuita mizimu na Victoria anatoweka, anaibukia mwaka 1795. Mwenzangu akasimama katikati ya sebule, begi bado begani.

"Dada, huyu mama si yule wa sasa hivi? Amebadilisha nguo tu."

Nikamwambia mwigizaji ni yuleyule, Joan Bennett, ila dakika tano zilizopita alikuwa Elizabeth, yule tajiri mwenye nyumba, sasa ni Naomi wa ukoo huohuo, karibu karne mbili nyuma. Na yule kaka yake Elizabeth, Roger, sasa ndiye Joshua, mume wa huyu Naomi.

"Kaka amekuwa mume?"

"Ndiyo."

"Na huyu msichana anajua?"

Hajui, na hapo ndipo mashabiki wanapomchoka. Victoria anawaita watu kwa majina yasiyo yao, anahangaika, anasema "sielewi," na bibi kwenye kiti chake akaitikia kwa sauti moja naye, "Sielewi!" Mashabiki wa tamthilia hii wamemtania Victoria kwa kauli hiyo miaka nenda rudi. Bibi huitumia hata barua ya bima ikifika.

Halafu ikaja kesi ya gauni. Victoria ameingia 1795 na nguo zake za 1967, miguu nje, na nyumba imeduwaa. Anayewaka kuliko wote ni Abigail, dada yake Joshua, mcha Mungu mwenye uso wa kunusa dhambi kutoka chumba cha tatu. Mwenzangu akaweka begi chini. "Huyu namjua. Huyu yuko kwenye kamati ya kanisa letu." Akavuta kiti, akafungua mashitaka: mbona wanawake wengine wa 1795 shingo na vifua viko wazi namna ile na hakuna anayewasema, lakini mtoto wa watu kuonyesha muundi tu ameshakuwa mchawi? Bibi akajibu kwamba kila zama na kiungo chake cha aibu. Mwenzangu akasema hapana, kila zama na Abigail wake. Mimi katikati natafsiri, maana mwenzangu akipandwa na hoja Kiingereza humkimbia. Na wakati sisi tunabishana, mchawi wa kweli anapita kwenye kioo cha runinga: Angelique, kijakazi kutoka Martinique, nywele za dhahabu zimekaa sawa, nguo haina doa, adabu tele. Hakuna anayemshuku. Bibi akasema ndiyo maana yeye hajawahi kumwamini mtu ambaye kila siku nywele zake zimepangika. Mwenzangu alicheka mpaka akavua kilemba. Nilitoka pale giza limeshaingia, na muda ule hakuna aliyenilipa.

Kwa hiyo sisemi msicheke. Niliyemwona akicheka kuliko wote ni yule aliyevitazama vipindi hivi tangu utotoni, na siku mjukuu wake alipotoa simu na kuanza kukejeli wigi la Cassandra, yaani Angelique aliyerudi kwa jina jingine, bibi alimwambia azime simu au aende kupiga theluji koleo.

Labda pia mimi namwonea Barnabas huruma kwa sababu ya kwetu. Mnyonya damu tuliyesimuliwa sisi ni mumiani, na huyo hakuwa na pete ya jiwe jeusi wala adabu za kubusu mikono. Enzi za mkoloni, Dar es Salaam na Nairobi, watu walimshuku mzimamoto na gari lake. Mumiani hana wa kumpenda. Huyu Barnabas aliletwa kwa muda mfupi tu, watazamaji wakakataa asiuawe, wanawake wakamwandikia barua za mapenzi.

Sasa jibu, kwa kuwa mmesema mnataka jibu. Naandika Barnabas. Koti bado nalitetea, kuanzia Novemba mpaka Aprili; vipindi vya Julai ambavyo bado amelivaa, hapo chekeni. Kinachonishinda ni nywele. Zile za mbele zimelazwa kwenye paji la uso vipande vipande, kama chanuo lililong'oka meno. Mtu amefungiwa kwenye jeneza, minyororo juu, tangu karne ya 18, na anatoka amenyolewa kwa mtindo wa 1967. Amenyolewa na nani? Willie alifungua lile jeneza kutafuta vito, hakubeba mkasi.

Angalizo mbili. Bibi amenikataza kugusa sharafa za Quentin Collins, mwanamume mwingine wa ukoo ule, kwa sababu ambazo ameniambia hazinihusu. Na mwenzangu wa Bukavu anampigia kura Abigail, kwa nguo na kwa tabia, ila ameomba muandike kwamba kura hiyo haina uhusiano wowote na mtu wa kamati.